Pitisha kwa Kadi Yangu

Mahona akitaka simenti, namwambia: noti zako usizipeleke dukani,
nipe mimi, nami nitapitisha kwa kadi yangu.
Mifuko ishirini, pointi mia tatu na arobaini.
Bati za Kasanda. Ada ya mtoto wa Kalunde.
Betri ya bajaji ya Kitwana, ambaye alinihesabia fedha mara tatu.

Isevya nzima ikaona nimerukwa na akili:
mhasibu wa ushirika wa asali
anakimbizana na watu wanaokwenda kununua vyao.
"Unapata nini?"
"Pointi."
"Zinalika?"
Haziliki, nikasema. Zinapaa.

Noti zao nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
kopo kabatini, ufunguo shingoni,
maana fedha ile haikuwa yangu, wala yao tena:
ya benki, ikisubiri tarehe ishirini na tano.
Ukilipa ishirini na nne, benki inakuchekea.
Ukilipa ishirini na sita, utajua kwa nini mrina
hapandi mtini bila moshi.
Na haba na haba yao ina kibaba chenye tundu:
Desemba ikifika ukingoni, pointi kuukuu zinamwagika.

Mama yangu alikaanga karanga miaka thelathini na mmoja.
Aliziuza stesheni, njia ya Mwanza, njia ya Kigoma, njia ya Mpanda,
na ile ndefu ya Dar es Salaam.
Wasafiri aliwajua kwa mikono tu,
mikono inayotokeza dirishani, inapokea, inapotea.
Treni ikianza kutembea alikimbia nayo akirudisha chenji,
hatua kumi,
kisha jukwaa linakwisha.

Machi akafa Nyamizi wa nyumba ya tatu.
Wanaume walichanga, fedha haikutimia,
nikasema kabla sijafikiri: pitisha kwa kadi yangu.
Seremala wa Kanyenye alikuwa na mashine.
Tungali tumeshika jeneza, simu ikalia:
HONGERA! UMEJIPATIA POINTI MIA TANO NA KUMI.
Nikaizima. Nikaketi mkekani na wanawake
nikalia machozi nisiyojua ni ya nani.
Pointi zile sikuziomba. Sikuzirudisha pia.
Hakuna kitufe cha kurudisha. Nilitafuta.

Oktoba hesabu ikatimia. Tiketi moja, kwenda na kurudi,
ushuru wa uwanja nikalipa taslimu, elfu sitini na kitu,
kwani cha bure nacho kina mkia.
Mama akauliza nani kanunua.
Nikamtajia: simenti ya Mahona, bati za Kasanda,
ada, betri.
Nilipofika kwa Nyamizi nikanyamaza,
kisha nikamtaja.
Mama akakunja khanga yake, akaikunjua, akaikunja.
"Basi dirishani atakaa yeye," akasema.
"Mimi nitachungulia begani kwake."

Alipiga simu usiku, kutoka kwa kaka yangu, Mbagala,
akipaza sauti kana kwamba bado yuko juu.
Ameziona reli, akasema, zote,
kama nyuzi za mshonaji aliyeitwa nje akaacha kazi.
Na ndege ilipoanza kutembea
miguu yake ilikimbia chini ya kiti, yenyewe,
nane, tisa, kumi,
ikangoja jukwaa liishe.

"Halafu?"
Halafu wakagawa karanga.
Kipakiti, punje ishirini na mbili. Alizihesabu.
"Zikoje?"
Akakaa kimya kidogo, kama mtu anayetafuta neno la adabu.
"Zimeungua upande mmoja."